Mkataba wa Alama: Je, Bidii Yangu Inapunjwa?

Swali: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha magharibi mwa Kenya na ninakaa Manyatta, Kisumu. Muhula huu mhadhiri wetu wa yuniti ya uandishi ametuletea mkataba tutie saini. Unasema kwamba atakayehudhuria vipindi, akawasilisha rasimu zote kwa wakati, akatoa maoni kuhusu kazi za wenzake, akarekebisha kazi yake mwenyewe na kuandika katika daftari kwamba amefanya kazi saa sita kila wiki, atapata gredi ya B katika tathmini endelevu, yaani alama za kazi za muhula kabla ya mtihani, hata kama insha zake ni dhaifu. Gredi ya A itatolewa kwa wale ambao kazi yao ya mwisho ni bora. Mimi hukesha nikiandika, na insha zangu husifiwa. Jirani yangu darasani huandika kwa shida, lakini akitimiza orodha hiyo tutalingana. Je, hii ni haki? Bidii yangu itaonekana wapi?

Jibu: Salamu zimefika, mwanangu, na umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu mkataba wa namna hii unaweza kurekebishwa katika wiki ya pili ya muhula lakini si katika wiki ya kumi na mbili. Nitakupa msimamo wangu kwanza, kisha sababu zake. Tia saini. Lakini kabla ya kutia saini, mwombe mhadhiri akibadilishe kipengele cha saa sita, aweke utaratibu wa dharura katika kipengele cha kuwasilisha kazi kwa wakati, na aeleze kwa maandishi kazi bora ya kustahili A ni ipi. Nimefundisha masuala ya tathmini kwa wanafunzi wa ualimu hapa Nakuru kwa miaka mingi, mikataba ya alama nimeitumia mwenyewe, na nimeona inapomsaidia mwanafunzi na inapomuumiza.

Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pamoja. Unasema kwamba unakesha, kisha unasema kwamba insha zako husifiwa. La kwanza ni bidii, la pili ni ubora, nawe umeyafunga pamoja kana kwamba moja huzaa jingine siku zote, ilhali umeeleza mwenyewe kwamba jirani yako huandika kwa shida. Mtu anayeandika kwa shida huenda akatumia jioni nzima kuijenga aya ambayo wewe unaijenga kwa nusu saa, na kama gredi ingekuwa malipo ya bidii peke yake, huenda yeye ndiye angekutangulia. Unachohofia kukipoteza, basi, ni malipo ya ubora, na ubora haujafutwa katika mkataba, kwa kuwa gredi ya A bado imetengewa kazi bora. Kilichobadilika ni kwamba pengo kati yako na yeye halitatangazwa tena kwa kila insha unayorudishiwa. Naelewa kwamba hilo linauma, hasa kwa mtu aliyezoea kuona namba nzuri juu ya karatasi yake tangu darasa la kwanza, na sikulaumu kwa kuuliza.

Sisi tuliosomea Kenya tulikuzwa na neno bidii bila kuelezwa maana yake. Chukua ripoti yoyote ya shule ya msingi au ya upili: kando ya alama kuna nafasi finyu ya maoni ya mwalimu, na humo huwa kumeandikwa "Umejaribu", "Jitahidi zaidi", au lile linalowashinda mengine yote kwa wingi, "Ongeza bidii". Mtoto huipeleka ripoti nyumbani, mzazi humrudishia maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi, na muhula unaofuata mtoto hukaa na kitabu muda mrefu zaidi bila kujua afanye nini ambacho hakukifanya awali. Ameamriwa bila kuonyeshwa kitendo. Mkataba wa alama, unapoandikwa vizuri, hufanya kile ambacho nafasi ile finyu haikuweza kukifanya: huichambua bidii hadi ikawa mambo yanayoonekana, kwamba uandike rasimu, umsomee mwenzako, upokee maoni, ubadilishe hoja na si tahajia tu, kisha uwasilishe tena. Mhadhiri wako amejaribu kukwambia bidii ni nini katika yuniti yake, na hicho ni kitu ambacho wanafunzi wengi humaliza shahada bila kuambiwa.

Ukijua wazo hili lilikotoka utaelewa kwa nini limeandikwa hivyo. Huko Marekani, karibu mwaka wa 1920, mwalimu Helen Parkhurst alianzisha katika jimbo la Massachusetts mpango ambao mwanafunzi alipokea kazi ya mwezi mzima kama mkataba na kuitimiza kwa mwendo wake mwenyewe. Mwaka wa 2009 wahadhiri wawili wa uandishi, Peter Elbow na Jane Danielewicz, walichapisha makala wakieleza mkataba unaofanana sana na wenu: mwanafunzi akitimiza orodha ya mambo yaliyotajwa, B yake ni ya hakika, na hukumu ya ubora huanza pale tu anapotaka kuvuka B. Hoja yao ilikuwa kwamba mhadhiri anaweza kusema bila kubabaika kama rasimu imeletwa au haijaletwa, lakini akiulizwa kwa nini insha hii ni B na ile ni C, mara nyingi wasomaji wawili wenye ujuzi hawataafikiana. Baadaye msomi wa uandishi Asao Inoue, ambaye kitabu chake kuhusu mikataba inayotegemea kazi kilitoka mwaka wa 2019, alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba tunapopima ubora wa uandishi wa Kiingereza tunapima, kwa sehemu kubwa, ni katika nyumba ipi mwanafunzi alizaliwa na lugha ipi iliyozungumzwa humo.

Hoja hiyo ya mwisho ilizuka miongoni mwa Wamarekani na kuhusu mambo yao ya rangi na tabaka, lakini hapa kwetu inagonga mlango bila kubisha hodi. Darasani mwenu yuko aliyelelewa kwa Kidholuo hadi alipofika darasa la nne ndipo masomo yote yakageuka kuwa ya Kiingereza, yuko aliyelelewa kwa Kibukusu au Ekegusii, na yuko aliyesomea shule ya kulipia mjini ambako Kiingereza kilitawala tangu chekechea. Wote wanaandika insha moja. Sijui wewe ulitokea wapi, wala sisemi kwamba sifa zako hukuzitolea jasho. Nasema tu kwamba katika alama ya insha yako ya kwanza kuna sehemu uliyoifanyia kazi na sehemu uliyokuja nayo, na hakuna mhadhiri awezaye kuzitenganisha kwa kalamu nyekundu.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo mkataba wa Kenya unapoachana na ule wa Marekani, na ndipo hofu yako inapopata jibu lake halisi. Kule mhadhiri mmoja mara nyingi huamua gredi ya kozi nzima. Katika vyuo vikuu vyetu vingi, tathmini endelevu hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho wa muhula hubeba 70. Matokeo hupitia bodi ya watahini, na mtahini wa nje, yaani wa kutoka chuo kingine, huja kukagua. Gredi ya A huanzia 70, B ni 60 hadi 69, C ni 50 hadi 59, na D ni 40 hadi 49. Tuseme B ya mkataba wenu ni alama 18 kati ya 30. Jirani yako akitimiza kila kipengele na kupata 18 hizo, bado atahitaji 42 kati ya 70 katika mtihani ili gredi yake ya yuniti iwe B, na 42 kati ya 70 ni asilimia 60 kamili. Atakapoketi katika chumba cha mtihani, mkataba hautamwandikia hata sentensi moja. Ukweli mwingine sitakuficha: mkataba unaweza kumvusha asifeli, kwani 22 kati ya 70 zitamtosha kufikisha 40, na binafsi naona ni halali kwa mtu aliyefanya kila kazi ya muhula kupewa ahueni hiyo.

Hesabu yako wewe ni tofauti. Ukibaki na 18 za mkataba na unataka A, utahitaji 52 kati ya 70 katika mtihani, ambazo ni zaidi ya asilimia 74. Ukipata 24 kwa kuvuka hadi A ya tathmini endelevu, utahitaji 46 tu, ambazo hazifiki asilimia 66. Kwa anayelenga daraja la kwanza, alama hizo sita zina uzito, na ndiyo sababu nimekwambia upate maelezo ya A kwa maandishi. Mkataba unaoieleza B kwa mistari kumi na miwili na A kwa neno moja, "bora", umewahudumia wale wa kati na kuwaacha walio mbele wakikisia. Muulize mhadhiri: kazi bora ina sifa gani tatu au nne, nani ataisoma, na je, kuna mfano wa muhula uliopita, jina likiwa limefutwa, ambao darasa linaweza kuusoma pamoja? Hakuna mhadhiri anayejali kazi yake atakayekasirishwa na swali hilo.

Kuna faida nyingine ya mkataba huu ambayo naona hujaitazama, nayo ni yako hasa. Mwanafunzi anayesifiwa hujifunza haraka kutojihatarisha. Akishajua kwamba utangulizi wa aina fulani humpendeza mhadhiri, huurudia. Akishajua kwamba methali moja mwanzoni na nukuu mbili katikati huleta alama 22, hatajaribu hoja ngumu itakayomshushia alama hadi 17 kabla haijaiva. Nimewaona wengi wa namna hiyo, wasichana kwa wavulana, wanaoandika katika mwaka wa nne insha ile ile waliyoiandika katika mwaka wa kwanza. B iliyohakikishwa inakupa ruhusa ya kuleta rasimu mbaya ya wazo zuri. Mwaka wa 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya uchunguzi aliowafanyia wanafunzi wa Israeli: waliopewa maoni ya maandishi bila alama waliendelea kufanya vizuri na kupenda kazi, wakati waliopewa alama, na hata waliopewa alama pamoja na maoni, hawakunufaika vivyo hivyo. Nadhani kila mwalimu amewahi kuliona jambo hilo kwa macho yake. Ukirudisha karatasi zenye namba, darasa zima hugeuza shingo kutazama namba ya jirani, na maoni uliyoyaandika hadi usiku wa manane hayasomwi.

Kipengele cha saa sita ndicho kinachonisumbua, na hapa niko upande wako, ingawa kwa sababu ambazo huenda si zako. Nilipoandaa mkataba wangu wa kwanza niliweka saa, nikaamini kwamba daftari la saa litanionyesha nani anafanya kazi. Kufikia wiki ya tano karibu kila daftari lilikuwa na saa sita kamili, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wino mmoja na mwandiko usiobadilika, yaani ziliandikwa siku moja. Nilikuwa nimewafundisha kusema uongo mdogo kila wiki ili wapate B. Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyeandika saa mbili na nusu, kwa sababu wikendi alikuwa akiuza nguo sokoni ili alipe kodi ya chumba, na kwa mujibu wa maneno ya mkataba wangu yeye ndiye aliyestahili kuadhibiwa. Rasimu zake zilikuwa zimebadilika kuliko za wengi. Kipengele hicho nilikifuta muhula huo huo mbele ya darasa na kuwaomba radhi.

Saa hazipimi kujifunza. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka wa 2006 kwamba wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena walijiamini sana, lakini baada ya wiki moja walikumbuka kidogo kuliko wale waliokisoma kisha wakafunga kitabu na kujijaribu kukieleza. Wote walikuwa wamepewa muda ule ule. Basi kukesha kwako, ambako unakutaja kama ushahidi wa bidii, nako kunahitaji kuulizwa swali: usiku huo unaandika upya, au unasoma upya yale uliyokwisha kuyaandika ukiyapenda? Nakuuliza bila kukushutumu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipita chuo nikikesha kwa namna hiyo ya pili.

Tena saa sita hazigharimu kila mtu sawa. Yuko anayelala bwenini hatua chache kutoka maktaba, na yuko anayetoka Ahero kwa matatu mbili, akafika nyumbani na kukuta umeme umepotea na bando limekwisha. Msomi Ellen Carillo, aliyeikosoa mikataba ya aina hii mwaka wa 2021, alieleza kwamba kazi na muda si vipimo visivyoegemea upande wowote, na aliwazungumzia hasa wanafunzi wenye ulemavu na wale ambao akili zao hufanya kazi kwa mwendo tofauti. Mwenye ugumu wa kusoma huhitaji saa kumi kwa kile ambacho mwingine anakimaliza kwa tatu, na mkataba unaohesabu saa humwonea huyo wa kumi na kumtilia shaka huyo wa tatu. Badala ya saa, pendekeza kwamba kila rasimu ya pili iambatane na aya moja ambamo mwandishi anaeleza amebadilisha nini, kwa nini, na maoni gani ya wenzake aliyakataa na kwa sababu ipi. Aya hiyo huwezi kuibuni Ijumaa jioni bila kazi yenyewe. Siku hizi inafaa hata zaidi, kwa kuwa programu za akili unde zinaweza kumwandikia mtu rasimu tano kabla chai haijapoa, na mkataba unaohesabu rasimu tu utamlipa mtu huyo B nzima. Akiulizwa darasani kwa dakika mbili aeleze kwa nini aliiondoa aya ya tatu, itajulikana.

Kuhusu kuwasilisha kwa wakati nitasema kwa ufupi. Tarehe ni lazima ziwepo, maana bila rasimu siku ya Jumatano hakuna cha kusomeana Alhamisi. Lakini mkataba usiotaja ugonjwa, msiba, karo iliyochelewa hadi mtu akazuiwa kuingia katika mfumo wa chuo, au mafuriko ya Nyando yanapofunga barabara, umeandikwa kwa ajili ya watu wasioishi hapa. Ombeni nafasi mbili za kuchelewa kwa siku tatu ambazo mwanafunzi anazitumia bila kueleza sababu, na nafasi ya tatu kwa kuzungumza na mhadhiri. Nimetumia utaratibu huo na haukuvuruga darasa.

Usiende peke yako. Zungumza kwanza na jirani yako huyo anayeandika kwa shida, umweleze mabadiliko unayoyataka, na usikilize yeye anahofia nini katika mkataba, kwa sababu nina hakika anacho anachokihofia na hujakitaja katika barua yako. Nyinyi wawili mtakuwa mmebeba pande zote mbili za jambo hili, na mhadhiri atawasikiliza kuliko atakavyomsikiliza mwanafunzi hodari aliyekuja kulalamika kwamba wenzake wanapewa alama nyingi. Kisha, mkataba ukishatiwa saini, timiza kipengele cha kutoa maoni kwa moyo wako wote. Huenda unakiona kama kazi ya kuwasaidia wengine. Kwa mwandishi anayetafuta A ndicho kipengele chenye faida kubwa kuliko vyote, maana kumweleza mtu mwingine hoja yake inakatikia wapi kunakulazimisha utaje kwa maneno jambo ambalo katika insha zako umekuwa ukilifanya kwa kuhisi tu, na usichoweza kukitaja huwezi kukirudia kwa makusudi chini ya saa ya mtihani.

Umeuliza bidii yako itaonekana wapi. Hifadhi kila rasimu ya muhula huu, hata zile unazozionea aibu, ukiandika tarehe juu ya kila moja. Wiki ya mwisho weka ya kwanza na ya mwisho ya insha moja kando kwa kando juu ya meza, upige mstari chini ya kila sentensi iliyobaki kama ilivyokuwa. Kama nusu ya karatasi ina mistari, mpelekee mhadhiri kabla ya mtihani na umuulize ni sentensi zipi kati ya hizo zingepaswa kuondoka.